Jua Shanga Kabla ya Kufunga Mzigo

Mapema mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Vitabu vya waliomtangulia alikuwa amevisoma. Lakini hakuna kitabu kilichomweleza jambo alilolihitaji kuliko yote: huko bara wanapokea nini? Nguo zipi, nyaya kiasi gani, shanga za rangi gani? Ikambidi awaendee wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kuikanyaga njia ile, akawauliza.

Akaelezwa. Shanga nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha kamili Ugogo; ukitoka Ugogo, hazikuwa na thamani yoyote. Shanga nyeupe zilipendwa Ufipa na sehemu za Usagara. Uzigua na Ukonongo walizidharau. Sungomaji, zile shanga kubwa kubwa, zilipokelewa Ujiji na Uguha, kwingine zilikataliwa. Stanley akanunua magunia 22 ya shanga za aina kumi na moja, kila aina kwa ajili ya nchi yake.

Tazama hesabu iliyojificha humo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne, mizigo mabegani mwa watu. Aliyefunga shanga zisizopokelewa aligundua kosa lake akiwa katikati ya pori, chakula kimekwisha, wapagazi wana njaa, na pwani iko nyuma mwendo wa miezi. Soko halikumwonea. Alifunga mzigo kabla ya kuuliza.

Njia hii ilipitisha meno ya ndovu, na ilipitisha pia binadamu waliouzwa. Dhambi hiyo tunaikumbuka na hatuipambi. Lakini ujuzi wa wapagazi wa Kinyamwezi, waliojua kila kisima, kila kambi na kila bei kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, ni urithi wetu halali. Nami nakuandikia wewe kijana wa Tabora, wa Nzega, wa Urambo, wa Kigoma, mwenye kompyuta mpakato iliyochoka na bando la wiki, ili uurithi ujuzi huo kwa kibodi.

Nasikia unataka kuandika programu ya kununua na kuuza: hisa, fedha za kigeni, bidhaa. Wapo watakaokuambia hayo ni mambo ya New York. Mimi nakuambia, andika! Andika usiku baada ya kazi, andika Jumapili baada ya ibada, andika kwa sababu unapenda. Ila sharti moja usilivunje: jua shanga kabla ya kufunga mzigo.

Kanuni inayoweza kuandikwa

Usitishwe na neno algoriti. Algoriti ya biashara ni kanuni iliyoelezwa kwa ukamilifu kiasi kwamba mashine isiyo na akili yoyote inaweza kuifuata. Kwa mfano: "Bei ya kufunga ikipanda juu ya wastani wa siku 50 zilizopita, nunua, ikishuka chini ya wastani huo, uza." Basi. Hiyo ni algoriti nzima, na katika lugha ya Python inaingia kwenye mistari michache isiyojaza ukurasa wa daftari.

Zana ni za bure. Python ni ya bure. Maktaba ya pandas, inayopanga na kukokotoa data za bei, ilianza kuandikwa na Wes McKinney mwaka 2008 alipokuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya uwekezaji, kisha akaifungua kwa dunia nzima. Kama kompyuta yako haina nguvu, Google Colab inakuruhusu kuandika na kuendesha programu ndani ya kivinjari, kazi nzito ikifanyika kwenye mashine zao. Umeme ukikatika, kazi uliyokwisha kuihifadhi inakusubiri.

Na mji huu si mgeni wa kibodi. Chuo cha Uhazili Tabora kilifundisha makatibu muhtasi waliopiga taipu katika ofisi za nchi nzima. Vidole vya Tabora vinajua kazi.

Je, kanuni inaweza kufundishwa? Mwishoni mwa 1983, mfanyabiashara wa Chicago, Richard Dennis, alibishana na mwenzake William Eckhardt juu ya swali hilo hilo. Akakusanya watu wa kawaida, akawafundisha kanuni zake kwa muda wa wiki mbili hivi, akawapa fedha wafanye biashara. Kanuni mojawapo ilikuwa nyepesi: bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, nunua. Wengi wao walipata faida kubwa. Lakini sikia na upande wa pili: miaka michache baadaye Dennis mwenyewe alipata hasara nzito sokoni. Kanuni nzuri haimfungi mtu kamba asianguke. Ndiyo maana hamu ya kuandika peke yake haitoshi.

Nenda Urambo ukajifunze

Ukitaka kuona mpango uliotekelezwa kabla ya kupimwa, huna haja ya kwenda mbali. Panda treni ya Kigoma, shuka Urambo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatumwa wataalamu, wakiongozwa na John Wakefield, kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa Afrika ya Mashariki kwa mashine. Wakakaa wiki tisa. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika: Kongwa, Nachingwea, na hapa kwetu Urambo. Hakukuwa na shamba la majaribio la miaka kadhaa, wala mvua ya misimu mitano haikupimwa kwanza. Kongwa udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, matrekta yakavunjika kwenye mizizi ya miti. Januari 1951 mpango ukafutwa. Zilikuwa zimeteketea takriban pauni milioni 36.

Waliopanga mpango ule walikuwa wasomi, na walikuwa na fedha, meli na majeshi ya matrekta. Walichokosa ni kitu ambacho mkulima yeyote wa Sikonge anakijua: mbegu mpya huipandi shamba zima. Unaipanda kwenye kona, unaitazama msimu, unaitazama mwingine, ndipo unaongeza.

Programu yako ni mbegu mpya. Kona yake ni bei za zamani. Unaichukua kanuni, unairudisha nyuma, unaipitisha siku moja baada ya nyingine kana kwamba huijui kesho, na unaandika kila ambacho ingenunua, kila ambacho ingeuza, kila shilingi ambayo ingepotea. Hilo ndilo jaribio. Katika kazi hii jaribio ni karibu kazi yote; kuandika kanuni ni asubuhi moja, kuipima ni miezi.

Uongo wa aina nne ambao programu itakuambia

Siku ya kwanza utakapoendesha jaribio, huenda ukaona faida ya kutisha. Usimpigie mtu simu. Kaa chini, uihoji programu yako kama mtemi alivyohoji shahidi.

Kwanza, ihoji kama haikuchungulia kesho. Kosa hili huwapata karibu wote wanaoanza. Programu inatumia bei ya kufunga ya leo kuamua kununua, kisha inanunua asubuhi ya leo hiyo hiyo. Bei ya kufunga hujulikana jioni! Msafara haukuweza kujua bei ya Ujiji ukiwa bado Tabora. Sogeza uamuzi siku moja mbele, na mara nyingi ile faida yote inayeyuka kama umande.

Pili, ihoji kama haikukariri. Chukua hisa za Safaricom. Ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, zikashuka chini ya 3 mwaka uliofuata, zikapanda mpaka zaidi ya 40 mwaka 2021, kisha zikaanguka chini ya 15 mwaka 2023. Ukiifundisha programu kwa miaka ya kupanda peke yake, itakariri wimbo mmoja: nunua, nunua, nunua. Dawa yake ni hii: gawa data zako. Sehemu moja tengenezea kanuni. Sehemu nyingine ifungie kabatini, usiiguse, usiitazame, mpaka kanuni imekamilika. Kisha ifungue mara moja tu. Ukiifungua kila siku na kurekebisha kanuni kila siku, tayari umeikariri na hiyo.

Na uogope bahati inayovaa joho la akili. Wakusanye watu 1,024 kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kila mmoja arushe sarafu. Waliopata upande wa kichwa wabaki, wengine wakae. Rudia. Baada ya mara kumi, kwa wastani atabaki amesimama mtu mmoja, aliyepatia mara zote kumi. Hana siri yoyote. Nawe ukijaribu kanuni elfu moja kwenye kompyuta, moja itang'aa kwa bahati tu. Kwa hiyo andika daftarini ni kanuni ngapi umezijaribu, siyo ile iliyoshinda pekee.

Tatu, ihoji kama haikuwasahau wafu. Mumias Sugar iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, Wakenya wengi wakainunua kwa matumaini. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni. Ukichukua orodha ya kampuni zilizo hai leo na kuipima kanuni yako kwa hizo tu, umewahoji waliorudi kutoka safarini na kuyaruka makaburi ya njiani.

Nne, ihoji kama imelipa hongo ya njia. Watemi walitoza hongo misafara ilipopita nchini mwao, na aliyesahau kuihesabu alifilisika kabla ya kufika. Ada za dalali na za soko ndizo hongo zako. Tuseme kila ununuzi na kila uuzaji unakugharimu 2 katika 100. Anza na laki moja, nunua na uze mara kumi kwa mwaka, na bei isipande wala isishuke hata kidogo. Mwisho wa mwaka umebakiwa na kama shilingi 66,760. Theluthi ya mali yako imeliwa na mwendo tu. Programu inayohangaika kila siku sharti iwe na faida kubwa mno ili ishinde ada zake. Mara nyingi ile tulivu ndiyo inayofika.

Soko lililo mlangoni

Anza na soko unaloweza kulielewa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzishwa mwaka 1996 na kufungua biashara tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL. NMB ikaingia 2008, CRDB 2009, Vodacom 2017. Ni soko dogo na tulivu. Zipo hisa zinazopita siku bila kuuzwa hata moja. Mwanafunzi mwenye haraka analidharau kwa hilo. Mwanafunzi makini anapata humo somo kubwa: bei iliyoandikwa si bei utakayopata, kwa sababu huwezi kuuza pasipo mnunuzi. Iandikie programu yako kanuni inayoangalia kiasi kilichouzwa, siyo bei peke yake. Na ukifika wakati wa kununua kweli, pita kwa dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Na kama hutaki hisa, lipo soko la mahindi na karanga hapa mjini. Andika bei ya gunia kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Hakuna mtu New York aliye na data hizo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hakuna mahali methali hiyo ilipo kweli kuliko hapa.

Kuhusu fedha za kigeni mtandaoni nitasema wazi, kwa sababu wengi mmeanzia huko. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilitangaza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupata hasara katika biashara hizi zinazotumia mkopo wa dalali. Mkopo huo unakuza faida, na unakuza hasara vile vile. Ukipoteza nusu ya mtaji, unahitaji kuzidisha kilichobaki mara mbili ili urudi ulipoanzia. Basi tumia akaunti ya demo, ile ya fedha za mazoezi, kwa muda mrefu. Usiingie kwa ada ya shule, wala kwa hela ya mbolea, wala kwa mkopo. Na mtu akikuuzia roboti inayotoa faida kila siku, kumbuka mpango wa upatu wa DECI wa mwaka 2009, jinsi watu walivyopanda fedha kama mbegu wasizovuna. Aliye na mti wa kuzaa fedha hapiti mitaani akiuza miche.

Weka breki kabla ya injini

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital iliwasha programu mpya ya biashara. Ilikuwa imewekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na msimbo wa zamani uliosahauliwa, nao ukaamka na kuanza kununua na kuuza bila kukoma. Kwa muda wa dakika kama 45 kampuni ikapoteza takriban dola milioni 440, na mwaka uliofuata haikuwepo tena kama kampuni inayojitegemea.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa programu yako uwe breki. Ikipoteza kiasi fulani kwa siku, isimame yenyewe. Ikipata bei isiyo ya kawaida, isimame. Msimbo usioutumia, ufute. Weka kumbukumbu ya kila uamuzi iliofanya na sababu yake. Hodari hujulikana kwa breki zake.

Na breki iliyo ngumu kuliko zote ni ya moyo. Siku hasara tatu zitakapofuatana, mkono wako utawasha uizime programu na kufuata hisia. Hapo ukumbuke mji uliko. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora wakiwa na hasira ya haki juu ya masharti ya kura tatu katika uchaguzi uliokuwa unakuja. Moyo ulisema tususie. Mwalimu Nyerere akawaongoza wapime: tukisusia tunapata nini, tukiingia tunapata nini? Wakaingia, wakashinda, na mkutano ule unaitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Hasira ilikuwepo, lakini hesabu ndiyo iliyoamua. Kanuni uliyoipima ukiwa mtulivu iheshimu utakapokuwa na jazba. Na kama ni mbaya, irekebishe jioni, soko limefungwa.

Utakachobaki nacho

Huenda programu yako isikupatie hata shilingi. Nakuambia hivyo bila kukuvunja moyo, maana kilicho chako hakuna soko litakalokunyang'anya. Utakuwa umejifunza kusafisha data, kuandika msimbo unaosomeka, kutofautisha bahati na sababu, na kusema "sijathibitisha" bila haya. Ujuzi huo unahitajika na chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kinachotaka kujua mavuno ya miaka kumi, na zahanati inayopanga dawa za malaria, na mfugaji nyuki anayetaka kujua mizinga ipi inalipa. Dada yangu, kaka yangu, hesabu haina mlango wa wanaume wala wa watu wa mjini. Inamfungulia anayebisha.

Msichana wa kidato cha sita anayeandika jaribio lake la kwanza leo anafanya kazi ile ile ya kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara: anaijua njia ili wenzake wasipotee. Haraka haraka haina baraka, lakini kuchelewa kuanza nako hakuna.

Basi leo usiku fanya hivi. Chukua daftari. Andika tarehe, jina la hisa moja au zao moja, na bei yake ya kufunga. Chini yake andika kanuni moja kwa Kiswahili, sentensi mbili tu, ambayo hata mdogo wako angeweza kuifuata. Kesho andika bei nyingine. Baada ya wiki iingize kwenye Python. Baada ya mwezi programu itaanza kukuonyesha makosa yako, nawe uyashukuru. Usiweke senti mpaka miezi sita ya demo imepita na daftari limeshuhudia.

Miembe ya zamani inayoonyesha njia ya misafara bado imesimama. Haikuota yenyewe yote kwa mstari. Ilifuata mapito ya watu waliotembea siku baada ya siku. Fungua daftari, uanze kutembea.